Ushanga wa Saba

Ukitoka Kiboko ukielekea Kambu kwa ile barabara kuu ya Mombasa, tazama nyua za waya kando ya barabara. Ule ua uliolegea kama soksi kuukuu si wangu. Ule ulionyooka mpaka ukiugonga kwa fimbo unalia, huo ni wangu. Nilianza kusuka waya nikiwa na miaka kumi na nne, kwa koleo la kuazima, na leo nina mashine tatu, pikapu mbili na watu tisa wanaoniita bosi. Shule niliacha darasa la nne. Sisemi hivyo nionewe huruma. Nasema ili ujue kwamba kila ninachokijua nilikijua kwa vidole, na vidole vyangu vimenidanganya mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo naandika hapa.

Ilikuwa ni kazi ya shanga. Mimi na shanga hatukuwa tunajuana. Lakini kuna mama mmoja Kitui mjini, Mwislamu, watu wao walitoka pwani zamani za babu yake, ana duka la vitambaa na mapambo si mbali na msikiti. Nilimfungia waya wa madirisha mpaka leo hajaona mwizi. Siku moja Novemba akaniita dukani, akaweka mezani nyota ndogo ya waya na shanga za rangi ya dhahabu, ya kutundika kwenye mti wa Krismasi.

Nikamwambia, "Bi, wewe na Krismasi mmejuana wapi?"

"Krismasi haijawahi kuniuliza nasali wapi," akasema. "Shika uone."

Nikaishika. Waya mmoja mrefu, umepita ndani ya shanga, umekunjwa mara kumi mpaka umekuwa nyota ya ncha tano. Pande kumi, kila upande shanga saba. Nilimwambia kuikunja hiyo ni mchezo, naweza kuikunja nikiwa napiga simu. Akasema hoteli zinataka mia nne, wiki ya kwanza ya Desemba.

"Kila upande saba, rangi moja. Usiniongezee, usinipunguzie. Zikitoka sawa, kuanzia Januari nakuletea kazi ya mwaka mzima. Zikitoka ovyo, kuna kikundi huko Makueni kinanipigia simu kila wiki."

Ningeweza kuwapa vijana wangu wa Kambu. Lakini mimi ni mtu wa Tulia, kule Kitui, na mtu akishapata, anataka kwao waone amepata. Pale Tulia kuna kikundi cha akina mama ishirini na wawili wanaosuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Nilikuwa na nyumba ya poshomili ya kusagia mahindi pale, injini ilikufa zamani, nikawaambia wakutane humo. Nilivaa koti langu la ngozi ingawa kulikuwa na joto la mvua.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa. Mvua ilikuwa imekuja vizuri. Ndengu na mahindi yalikuwa yametoka, vidole viwili juu ya udongo, na magugu yametoka nayo. Kwetu palizi ya kwanza haingoji mtu. Ukichelewa wiki mbili, unavuna nyasi. Nami nilikuwa nawaomba wiki mbili hizo hizo.

Mama mmoja mwenye mdomo, ambaye tulichunga naye mbuzi tukiwa wadogo, akauliza, "Na magugu yatangoja nyota?"

"Wekeni jembe chini wiki mbili. Mimi nimesema."

"Wewe umesema, tumesikia. Magugu je, yamesikia?"

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini niliona wengi wameshaanza kuvuta vyondo vyao waondoke. Aliyewazuia ni Susu. Kwa Kikamba susu ni nyanya, na huyu hana mjukuu pale, lakini kila mtu anamwita hivyo kwa sababu ndiye aliyewafundisha karibu wote kusuka. Mama yangu alipokufa, nilikula kwake bila kualikwa. Akaitazama ile sampuli muda mrefu, akasema, "Huyu ni mtoto wa hapa. Anatuletea kazi. Tujaribu."

Basi. Neno la Susu likawafunga wote, na mashamba yao yakabaki na magugu kwa neno hilo.

Niliwafundisha vizuri, hilo siondoi. Nilipigilia misumari kwenye vibao ili kila nyota ikunjwe kwa umbo moja. Nikakata waya mwenyewe. Nikawapa shanga kwa vifuniko vya mikebe, kila kifuniko sabini, nyota moja. Hapo nilijiona nina akili kuliko waliosoma, kwa sababu ukimpa mtu sabini na zikabaki mbili, unajua amekosea. Zikiisha zote, nyota imekamilika. Nikawaambia, "Kila upande saba."

Mama mmoja akakohoa. Wengine wakamtazama Susu. Susu akazitazama shanga kwenye kifuniko chake, akazitikisa kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilidhani wamenishangaa. Watu wengi hunishangaa.

Kisha nikafanya kosa lililo langu peke yangu. Niliondoka kwenda Kambu, kuna mtu alikuwa anangoja ua wa ekari tano, na ile sampuli nikaenda nayo mfukoni.

Nilirudi siku ya tano, Jumanne. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha juu ya mabati. Nyota zote mia nne zilikuwa tayari, zimetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, zinang'aa dhahabu. Hakuna kifuniko kilichobaki na ushanga hata mmoja. Nilisimama mlangoni mikono kiunoni.

Kikundi kina karani, msichana aliyemaliza kidato cha nne, ndiye mwenye simu nzuri. Nikamwambia, "Piga picha, mtumie Bi. Aone kazi ya wanaume."

"Ya wanaume gani?" akauliza yule mwenye mdomo. "Hapa naona mmoja, na amefika saa hizi."

Karani akapiga picha, akatuma. Chai ilikuwa haijapoa nilipoona jibu limekuja, la sauti. Nikasema liwekwe kwa nguvu, kila mtu asikie akisifiwa. Sauti ya Bi ikajaa nyumba nzima.

"Ndugu yangu, hizi ni nyota au ni feni? Nikizitundika zitanipepea? Mimi nimeagizwa nyota. Jumamosi saa sita mchana nitafika hapo mwenyewe. Nikizikuta hivi, gari litarudi tupu, na wewe usinitafute tena."

Nikatoa sampuli mfukoni, nikaiweka kando ya nyota moja ya kwenye kamba. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho mwanamke wa Kitui mjini alikiona kwenye simu na mimi, mtu wa waya, sikukiona nikiwa nimesimama mbele yake. Ncha zote tano zilikuwa zimelala upande mmoja, kama mtama uliopigwa na upepo. Nikahesabu. Upande mmoja sita, unaofuata nane. Sita, nane, sita, nane, mpaka mwisho. Nikachukua nyingine. Sita, nane. Nyingine. Zote mia nne.

Leo najua nilipaswa kufikiri. Watu ishirini na wawili hawakosei sawasawa bila sababu. Lakini damu ilikuwa imepanda. Nikamgeukia Susu kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu neno lake ndilo lililokuwa limeshika watu.

"Nilisema ngapi?"

"Ulisema," akajibu.

"Nilisema saba. Hii ni ngapi?"

Hakuihesabu. "Unaona mwenyewe."

"Nani aliwaonyesha wafanye hivi?"

"Mimi ndiye."

Nikasema maneno ambayo hata sasa mkono wangu unakataa kuyaandika. Nilisema, "Susu, macho yako yameisha. Nenda kapalilie ndengu, kazi hii ina wenyewe."

Mbele ya wote. Mama mzee aliyenilisha.

Susu alikuwa na zile shanga za akiba nilizomwachia, mapajani kwenye leso. Akakunja leso, akazimimina taratibu kwenye kifuniko bila hata mmoja kuanguka. Akachukua kiondo chake, akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Wengine hawakugoma. Walikumbuka shughuli. Mmoja alikumbuka mtoto, mwingine alikumbuka ng'ombe, mwingine akasema kuni zinalowa. Yule mwenye mdomo alikuwa wa mwisho. Akasimama mbele yangu, akanitazama koti mpaka viatu.

"Unajua nina mistari mingapi ya ndengu imemezwa kule?" akasema. "Niliacha kwa sababu Susu alisema wewe ni mtoto wa hapa. Sasa umemfukuza aliyesema. Hebu niambie wewe ni mtoto wa wapi."

Akaenda. Nikabaki na karani, nyota mia nne zinazolala upande, na siku tatu na nusu.

Nilikaa chini, nikavuta kibao, nikaanza mwenyewe. Vidole vyangu vimezoea waya wa ua, hivi vishanga vilikuwa vinakimbia kama mchwa. Nyota ya kwanza ilinichukua muda wa sufuria ya maharagwe kuchemka. Ilikuwa imenyooka, lakini ilikuwa moja. Karani alikuwa amesimama dirishani, hataki kuondoka na hataki kukaa.

"Bosi, naweza kusema kitu?"

"Sema."

"Hesabu shanga za upande mmoja wa hiyo nyota yako. Lakini hesabu kwa Kikamba, kwa sauti."

Nilidhani ananichezea. Nikaanza, moja, mbili, tatu, kwa lugha ya mama yangu, kidole kinagusa ushanga mmoja mmoja. Nikafika sita. Kidole kikagusa wa saba na ulimi ukasimama wenyewe. Muonza.

Hiyo ndiyo saba yetu, na sisi hatuitaji ovyo. Nilikuwa nimesahau vipi? Babu yangu alikuwa na ng'ombe wachache, na tulipochunga, mtu mmoja hakwenda malishoni siku saba mfululizo. Siku sita, kisha mwingine anachukua fimbo. Nilipouliza sababu, babu alisema tu, hiyo ni muonza, kaa nyumbani. Nilikaa nyumbani, nikafurahi kukaa, sikuuliza tena. Kisha nikaenda Kambu nikiwa mdogo, kati ya madereva wa malori na watu wa kila kabila, nikajifunza kuhesabu upya kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili saba ni namba kama namba nyingine.

Karani akasema, "Mimi nimesoma, najua ni hesabu tu. Lakini hiki ni kitu cha kutundikwa kwenye nyumba, watu wakiwa wanakula sikukuu. Si mimi nitakayekuwa wa kwanza kukifunga muonza mara kumi."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua. Wewe si ulileta sabini?"

Sikuelewa amemaanisha nini na sabini. Lakini nilielewa nimemfukuza nani, na kwa kosa lisilokuwa lake.

Shamba la Susu liko nyuma ya soko, unashuka kidogo. Mvua ilikuwa imekatika. Nilimkuta ameinama katikati ya ndengu, leso imelowa mgongoni, anapalilia. Alinisikia. Jembe halikusimama. Kwetu humsimamii mtu mzee akiwa kazini ukampigia maneno kama polisi wa barabarani. Kulikuwa na jembe lingine limelazwa kwenye kichaka cha mpaka, la mpini mfupi. Nikavua koti, nikalitundika kwenye mti, nikachukua mstari uliokuwa kando ya wake.

Tulienda mstari mzima. Udongo ulikuwa unashika viatu vyangu kama unataka kubaki navyo. Tukageuka, tukaanza mwingine. Mgongo ukaanza kuniambia umri wangu. Nilikuwa natafuta neno la kuanza nalo, mimi ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mteja, na kila nililopata lilikuwa la mtu anayetaka nyota zake. Na kweli nilizitaka. Lakini kama nyota ndizo zilizonileta, angejua.

Katikati ya mstari wa tatu nikang'oa kitu. Susu akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ni ndengu."

Nikairudisha kwenye udongo, nikaikandamiza kwa kidole.

"Nilikosa, Susu."

"Ulikosa mbele ya watu. Hapa kuna ndengu peke yake."

"Nitasema mbele ya watu."

Akanyoosha mgongo, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Macho yangu hayajaisha," akasema. "Uliposema saba mimi nilikutetea. Niliwaambia hawa, huyu mtoto ana akili. Anasema saba kwa sababu ya wenye kazi wa mjini, lakini amehesabia nyumbani. Sabini inaingia kwa sita na nane, pande tano za sita, pande tano za nane, hakibaki kitu. Nikasema, ameturukisha muonza bila kuitaja."

Nilisimama na lile jembe. Mtu alikuwa amenisifu kwa akili ambayo sikuwa nayo, akawafundisha watu kazi nzima kwa kuniamini, nami nikamfukuza kwa hiyo hiyo. Nilianza kumweleza, kwamba nyota haiwezi kunyooka bila pande kuwa sawa, kwamba nane zote haziingii kwenye kibao na sita zote zinacheza, kwamba Bi amekataa, kwamba ni Jumamosi. Niliongea sana. Aliniacha nimalize.

"Nyumba yako ya Kambu ina mlango?" akauliza.

"Ina milango minne."

"Sikuuliza mingapi. Ukihesabu matofali ya ukuta, mlango unauhesabu?"

"Hapana."

Akachuma majani matatu ya gugu, akayapanga juu ya udongo. Akaweka kijiti. Akaweka majani mengine matatu. Akagusa kwa ncha ya jembe. "Tatu. Mlango. Tatu. Mlango haumo kwenye hesabu, lakini nafasi yake iko."

Nikatazama. Urefu ulikuwa ule ule. Upande wa shanga saba ambao hakuna mtu aliyehesabu saba. Nimekunja waya miaka thelathini na sijawahi kuona kona safi namna hiyo.

"Rangi gani?"

"Yoyote isiyokuwa ile. Mlango lazima uonekane."

Bi alikuwa amesema rangi moja. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, na sikumpigia simu kumwambia. Nilijiambia akiziona atapenda. Ukweli ni kwamba niliogopa akisikia tu kwa simu, atasema hapana, na hapana ya simu hairudi.

Jumatano nilivuka kaunti mbili mpaka Emali, kwa sababu ukitaka shanga nyekundu nyingi kwa haraka, Wamaasai wa Emali ndio wenyewe. Nilihitaji elfu nne. Mama niliyemkuta hakuhesabu hata ushanga mmoja. Alinipimia kwa nyuzi, urefu wa mkono wake, akatupa nyuzi mbili juu kwa sababu alisema uso wangu ni wa mtu aliyefiwa.

Alhamisi asubuhi walikuja wote. Susu alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba, lakini alikuwa hajakaa. Alisimama mlangoni kwa nje. Nikaelewa. Nilisema, "Juzi nilimwambia Susu macho yake yameisha. Aliyekuwa haoni ni mimi. Nilisahau muonza. Ninyi hamkukosa hata nyota moja. Susu, naomba uingie."

Akangoja kidogo. Kisha akaingia, akakaa mahali pake, akatandika leso. Yule mwenye mdomo akasema, "Rudia hapo kwa haoni, nilikuwa napangusa pua," na nyumba ikapumua.

Kazi ilikuwa ya kufumua kabla ya kusuka. Kumi na mmoja walikata zile nyota na kumwaga shanga, kumi na mmoja walitunga. Mimi nilikata waya mpya mpaka kidole gumba kikavimba. Kila mkono ulikuwa unasema kwa sauti ndogo, tatu, mlango, tatu, tatu, mlango, tatu, mpaka ukitoka nje kwenda haja unajikuta unatembea hivyo. Ijumaa jioni tulikuwa mia mbili na tisini. Jumamosi walifika jua halijatoka vizuri. Nje kulikuwa na jua zuri la kupalilia, na niliona wanavyolitazama kupitia mlangoni. Hakuna aliyelitaja. Saa tano na nusu tulikuwa tumebakiza kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa mkononi mwa Susu tulipolisikia gari.

Bi aliingia na buibui lake, dereva nyuma na makatoni. Akasalimu watu vizuri, mmoja mmoja. Kisha akachukua nyota, akaitundika kwenye kidole chake. Haikulala. Ilining'inia imenyooka, dhahabu, na mara kumi kijidoa chekundu katikati ya upande.

"Nani aliyekwambia utie nyekundu?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Niliona inapendeza."

Ilitoka kabla sijaiona. Mdomo wangu umezoea. Susu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anamalizia kukunja ncha ya mwisho, na koleo lake likasimama kidogo, kisha likaendelea.

Bi akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga. "Inapendeza kweli. Nazichukua." Nikasikia watu nyuma yangu wanashusha mabega. Dereva akafungua katoni. "Na kazi ya Januari ni yenu, kama nilivyoahidi. Kuna hoteli inataka mia nane za harusi. Ila hizo utatoa hiyo nyekundu. Kama ni urembo wako tu, utoe. Wale wanataka rangi moja. Saba, rangi moja, kama sampuli."

Mdomo wangu ulishafunguka kusema hakuna shida. Hakuna shida, Bi. Hayo ndiyo maneno yaliyonitajirisha. Unayasema kwanza, njia unaitafuta baadaye. Nikaona wale akina mama hawamtazami Bi. Wananitazama mimi. Januari yao yote ilikuwa kwenye ulimi wangu, na ukweli ungeweza kuimwaga. Nikisema hakuna shida, kazi ni yetu, na Jumatatu namrudia Susu na muonza mkononi mara elfu nane, nikiwa najua.

"Bi, nimekudanganya," nikasema. "Nyekundu si yangu. Ni ya huyu mama. Na haiwezi kutoka."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, naruka huku na huku, lakini nilieleza yote, feni, sita na nane, nilivyomfukuza, mlango. Uso wa Bi haukuonyesha kitu. Dereva aliacha katoni ikiwa wazi.

Bi akamgeukia Susu. "Mama, kwani saba kwenu ni mbaya?"

Susu Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kinatosha. "Si mbaya," akasema. "Ni nzito. Kitu cha nyumba hakifungwi nayo."

"Mimi niliitia saba makusudi," Bi akasema polepole. "Kwetu mtoto anapewa jina siku ya saba. Nilisema, kila upande uwe na baraka yake."

Wakatazamana.

Susu akachukua ile nyota ya mwisho, akamwekea Bi kiganjani. "Basi saba yako imo," akasema. "Iko yote, hatukuipunguza. Sisi hatukuihesabu tu."

Bi akaitazama. Kidole chake kikapita juu ya upande mmoja, na midomo ikacheza, nadhani alikuwa anahesabu. Kisha akacheka, cheko la chini.

"Na wale wa harusi wanaotaka rangi moja niwaambieje?"

"Waambie nyumba yao haina mlango," akasema yule mwenye mdomo kutoka nyuma. "Bwana harusi ataingilia dirishani."

Bi alicheka mpaka akashika meza. Lakini ni mfanyabiashara, na biashara haikulainika kwa kicheko. Zile mia nane za rangi moja alizipeleka Makueni. Alisema hivyo pale pale, bila kuficha, na niliona nyuso zikishuka. Ila akasema zenye mlango anazitaka mwezi kwa mwezi, kwa hoteli nyingine, na kuanzia siku hiyo mambo ya hesabu atamuuliza Susu, mimi niulizwe ya waya.

Nimekaa na hilo. Ni haki.

Makatoni yalipoondoka, nyumba ikawa tupu dakika hiyo hiyo, kila mtu na jembe lake. Ndengu za watu wengi ziliokolewa, za wengine zilivunwa nusu, na yule mwenye mdomo hunikumbusha nusu yake kila tukikutana. Mimi Jumatatu sikwenda Kambu. Nilishuka nyuma ya soko na viatu vya mpira, bila koti, nikachukua lile jembe fupi kwenye kichaka.

Susu alikuwa upande wa juu. Nilipiga mistari huku naihesabu kwa sauti, nilitaka ajue nimefanya kazi. Nilipomaliza wa sita nilinyamaza, nikaegemea mpini, nikautazama ule unaofuata. Magugu yake yalikuwa marefu kuliko yote.

"Umechoka?" akauliza.

"Sijachoka. Nauliza tu, huu niuiteje."

"Usiuite," akasema. "Palilia."